WIMBO WA MUSIMU HAUNGOJI MUKUTANO



Munajua wote kama mikutano yetu ya nyimbo ya jioni imesimamishwa mpaka tangazo lingine, juu ya usalama wa njia wakati wa usiku. Wanafunzi wa inje wanapaswa kufika kwao mbele ya saa kumi na mbili. Hakuna mutu wa kulaumu. Lakini Noeli iko karibu, na tangu juma mbili ninasikia neno moja katika internati, kwenye bomba la maji na kwenye mustari wa chakula: «Basi, mwaka huu hakuna nyimbo za Noeli. Tutaimba mwaka kesho.»

Ni juu ya neno hilo nimeomba nafasi katika gazeti letu. Nataka kueleza sababu gani wimbo wa musimu hauwezi kungoja mwaka kesho bila hasara, na namna gani watu wengine waliuchunga nyumbani wakati mikutano ilikatazwa.

1. Wimbo wa musimu ni nini?

Kuna nyimbo za siku zote, na kuna nyimbo zinazokuja na wakati wao na kuondoka nao: za kupanda, za kuvuna, za Noeli, za Pasaka, za mwaka mupya. Ukiimba wimbo wa kuvuna wakati watu wanapanda, wazee watakucheka. Ndiyo nguvu yake: ukiusikia tu, hata bila kalenda unajua mwaka umefika wapi.

Lakini hapo ndipo uzaifu wake unapotoka. Wimbo wa siku zote, ukiukosa leo, utauimba kesho. Wimbo wa musimu, ukiukosa leo, utangoja miezi kumi na miwili.

Tufanye hesabu kidogo. Mwanafunzi asiyerudilia darasa anakaa sekondari miaka sita. Ni kusema anapata Noeli sita. Ya kwanza anasikiliza tu. Ya pili anashika kiitikio. Ya tatu na ya nne anashika mistari. Ya tano na ya sita anafundisha wadogo. Sasa ondoa Noeli mbili tu. Zile mbili za kufundisha ndizo zinakosekana. Mudogo wake naye atabaki na kiitikio, na mudogo wa mudogo atasikia kama zamani kulikuwa wimbo fulani. Hakuna aliyeukataa wimbo. Kila mutu alisema tu: «mwaka kesho».

2. Vijiji vya Sheffield

Nimechagua mufano wa mbali, Uingereza, kwa kuwa unaonyesha jambo hili waziwazi. Baadaye tutarudi kwetu.

Sheffield ni muji uliojulikana tangu zamani juu ya visu na chuma cha pua. Pembeni yake, upande wa vilima, kuna vijiji: Stannington, Dungworth, Worrall, Oughtibridge, Grenoside. Katika vijiji hivyo nyimbo za Noeli hazingoji tarehe 24 Desemba. Zinaanza katikati ya mwezi wa Novemba, baada ya tarehe 11, siku ambayo Waingereza wanakumbuka wafu wa vita, na zinaendelea juma kwa juma mpaka siku za Noeli zenyewe. Hakuna kwaya yenye mavazi. Watu wanajaa ndani ya chumba wakibanana, mumoja anapiga kinanda, na wote wanaimba kwa sauti mbalimbali: soprano, alto, tenoro na baso.

Sasa musishangae sana: chumba kile ni nyumba ya pombe. Zilizojulikana zaidi ni Royal Hotel ya Dungworth na Blue Ball ya Worrall. Najua kama wengi katika shule yetu watakunja uso, na mimi siandiki hapa kwa kusifu chupa. Lakini nyimbo zenyewe si za ulevi. Ni nyimbo za kumusifu Yesu aliyezaliwa. Moja kati yake ni ule juu ya wachungaji wa Luka sura ya 2, ambao maneno yake ni ya Nahum Tate na yalitolewa mwaka 1700. Maneno ni yale yale, lakini tuni ni nyingi. Watu wanaweza kuuimba zaidi ya mara moja siku ile ile, kila mara kwa tuni ingine. Tuni moja ya wimbo huo, inayoitwa Cranbrook, ilitungwa na Thomas Clark, fundi wa viatu wa muji wa Canterbury, na ilitolewa mwaka 1805. Fundi wa viatu! Musiseme basi kama muziki ni wa watu wa chuo kikuu peke yao.

3. Namna nyimbo hizo zilitoka kanisani

Kumbe juu ya nini nyimbo za Yesu zinaimbwa katika nyumba ya pombe? Jibu ni kwamba zamani zilikuwa ndani ya kanisa, na zikatolewa.

Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, makanisa mengi ya vijiji vya Uingereza yalikuwa na waimbaji wao, wakulima na mafundi, waliokaa juu kwenye baraza la nyuma. Walikuwa na violini, klarineti na vyombo vingine vya sauti nene. Kisha, katika karne ya 19, wachungaji wengi waliona kama muziki ule una kelele na hauna heshima ya kutosha. Waliweka kinanda kikubwa cha kanisa, wakaweka kwaya ya mavazi meupe mbele ya watu, na vitabu vipya vya nyimbo. Kitabu kimoja kilichoenea sana, Hymns Ancient and Modern, kilitolewa mwaka 1861. Waimbaji wa zamani walishuka kutoka baraza lao, na nyimbo zao zikakosa mukutano.

Sehemu nyingi za inchi ile, nyimbo za namna hiyo zilinyamaza. Karibu na Sheffield hazikunyamaza. Jamaa zilikuwa nazo tayari. Zilikuwa zimenakiliwa kwa mukono katika vitabu vya nyumbani, muzazi aliziimba mutoto akisikia, na wakati wa Noeli watu walipita nazo nyumba kwa nyumba na kuziimba pale walipokutana. Mwaka 1969 mutafiti Ian Russell alianza kuzifuata na kuzirekodi, na mwaka 1994 alianzisha sikukuu ya nyimbo za vijiji. Alipofika hakukuta karatasi za zamani tu. Alikuta watu wanaimba.

Tushike neno hili: mukutano ndio unaobeba wimbo kwa nguvu, lakini nyumba ndiyo inayouchunga.

4. Mwaka 2020: sababu kuimba kulikatazwa

Halafu ukafika mwaka wa ugonjwa wa Korona. Wengi wetu tulikuwa wadogo wakati ule, tulifurahi kwanza kama masomo yamefungwa, bila kufahamu sababu. Wacha nieleze sababu.

Tarehe 10 Machi 2020, katika muji wa Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, kwaya moja ilikutana kwa mazoezi. Walikuwa watu 61, na mazoezi yalikamata saa mbili na nusu. Mumoja kati yao alikuwa na dalili sawa na za mafua. Baada ya siku chache, watu 53 walikuwa wagonjwa: 33 walionekana kwa kipimo, na 20 walihesabiwa kuwa nao bila shaka kubwa. Watatu walilazwa hospitali, na wawili walikufa. Wakubwa wa afya wa Marekani waliandika habari hiyo mwezi wa Mei mwaka ule ule, na waongozaji wa kwaya wa inchi nyingi waliisoma kwa woga.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Mutu anapoimba anavuta pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu. Pamoja na sauti yanatoka matone madogo sana ya mate, mengine madogo hata jicho haliyaoni, na hayo yanabaki hewani kama moshi ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwenzake naye anavuta pumzi ndefu ili aimbe. Kile kinachofanya kwaya kuwa nzuri, yaani kuvuta pumzi pamoja ndani ya chumba kimoja, ndicho kilichopitisha ugonjwa.

Basi serikali zilifunga. Huko Uingereza, kuanzia tarehe 5 Novemba 2020 nyumba za pombe zilifungwa tena katika inchi nzima, na hata wakati sehemu zingine zilifunguliwa mwezi wa Desemba, upande wa Sheffield zilibaki zimefungwa. Tarehe ya kuanza nyimbo ilifika na milango haikufunguliwa. Nyimbo zilizopita katika kufukuzwa kanisani sasa zilifukuzwa hata mahali pa pili.

Kwetu Congo, rais Félix Tshisekedi alitangaza tarehe 18 Machi 2020 kama masomo na ibada zinasimama, na tarehe 24 Machi akatangaza hali ya hatari. Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Makanisa yalikuwa yamefungwa. Yalipata ruhusa ya kufungua tarehe 15 Agosti. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walikuwa wamezoea shida mbele yetu, kwa sababu Ebola iliyotangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Waingereza walikosa mukutano wa Noeli, na sisi tulikosa mukutano wa Pasaka.

5. Kuimba nyumbani: kinachopotea na kinachopatikana

Pale ambapo mikutano ilifungwa, watu waliimba nyumbani: jikoni, kwenye mulango, kando ya redio ao mbele ya simu. Wengine walijaribu kuimba pamoja kwa intaneti. Haikufaa sawa walivyofikiri, kwa sababu sauti inachelewa njiani. Hata ikichelewa sehemu ndogo ya sekunde, waimbaji wanaachana, mumoja amemaliza neno, mwingine yuko katikati yake. Kwa hiyo mara nyingi mumoja tu alisikika, na wengine wote walifunga sauti ya simu zao, kila mutu akaimba kwake. Kwa hiyo hata wenye mashini nzuri walirudi pale pale: wewe na jamaa yako ndani ya nyumba yenu.

Tusidanganyane, kuna vitu vinavyopotea. Nguvu ya watu mia moja haiko. Baso haiko kama baba hayuko. Mutu anasikia haya kusikia sauti yake peke yake.

Lakini kuna vitu vinavyopatikana, na cha kwanza ni ukweli. Katika mukutano, mutu anaweza kufungua kinywa kila mwaka bila kujua wimbo. Anakamata kiitikio kwa nguvu, kwenye mistari ananong'ona, anangoja mwenzake aanze neno ili yeye alimalize. Kundi linamuficha. Nyumbani hakuna wa kumuficha. Mustari wa pili ukifika, ao anaujua ao hanaujua. Pale ndipo anapouliza: «Mama, inaendelea namna gani?» Swali hilo moja linafaa kuliko mazoezi mengi, kwa sababu linatoka kwa mwenye njaa.

Cha pili ni kwamba wadogo wanasikia maneno. Katika kelele ya mukutano, mutoto wa miaka mitano anapata furaha lakini hapati maneno. Kando ya moto, na mutu mumoja anayeimba polepole, anayapata yote, na hatayasahau.

6. Na kwetu?

Nimesema juu ya Noeli, lakini Noeli iko na kitabu. Ukisahau mustari, utafungua kitabu cha nyimbo. Nyimbo za mababu zetu za musimu haziko na kitabu. Kitabu chake ni koko.

Huku mashariki ya Congo tunapanda musimu A kuanzia Septemba, na musimu B kuanzia Februari ao Machi. Kila kazi ilikuwa na wimbo wake. Wimbo wa jembe una kazi ya kweli: mumoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja, anayechoka anavutwa na wenzake. Wimbo wa kutwanga unagawanya zamu ya mitwangio ili isigongane ndani ya kinu. Si maneno ya kupoteza wakati. Ni chombo cha kazi.

Sasa kazi nyingi zimesimama juu ya vita. Kati yetu kuna wenzetu ambao jamaa zao ziliacha kijiji. Musimu unafika, shamba haliko. Nilimuuliza mumoja wao kama kwao bado wanaimba wimbo wa mavuno. Alinijibu: «Tunavuna nini?» Nikanyamaza. Halafu yeye mwenyewe akaongeza kama mama yake anauimba polepole akichagua maharagi yaliyonunuliwa sokoni, na wadogo wake wanaitikia. Mutoto wa mwisho alizaliwa baada ya kuhama. Shamba lao hajaliona, lakini wimbo wa mavuno anaujua.

Mwenzetu huyo hakuwa na mawazo ya kunifundisha kitu, lakini alinifundisha yote ninayoandika hapa. Jamaa ile haina mukutano, haina shamba, haina hata kinu. Wimbo wanao. Siku watakaporudi, jembe litakuta wimbo unalingoja.

Wengine watauliza: nyimbo za mababu, si mambo ya kipagani? Ni swali la haki katika shule yetu, na halifai kukimbiwa. Wimbo wa kuita mizimu ni neno lingine. Lakini wimbo wa kulima, wa kutwanga, wa kubembeleza mutoto, wa kupokea mvua kwa furaha, ni wa kazi na wa upendo. Ukiwa na mashaka juu ya wimbo mumoja, uulize muzazi na muchungaji juu ya ule mumoja, usifagie zote pamoja. Wachungaji wa Uingereza wa karne ya 19 walifagia hata nyimbo za Yesu, kwa kuwa hawakupenda tu namna zilivyoimbwa.

7. Namna ya kufanya likizo hii

a) Uchague wimbo mumoja. Si kumi. Mumoja wa Noeli ao mumoja wa musimu wa kwenu.

b) Uanze na mistari yote. Kiitikio unakijua tayari.

c) Uanze chini. Mutu mumoja asiyezoea akianza juu, kwenye mustari wa tatu sauti inakatika na watu wanacheka, kisha wanaacha.

d) Wawili wanatosha. Mumoja ashike tuni, mwingine ashike sauti ya chini. Ukiwa peke yako, shika tuni.

e) Uweke saa moja. Kwa mufano baada ya chakula, mbele ya maombi ya jioni. Kama usalama si muzuri, imbeni kwa sauti ndogo. Wimbo haukatazi kunong'onwa.

f) Kama kuna ugonjwa wa kupita kwa pumzi katika muji, imbeni na watu wa nyumba yenu tu, ambao munalala chini ya paa moja, dirisha likiwa wazi. Anayekohoa asikilize.

g) Uandike katika kaye: maneno katika luga yake bila kuyageuza, musimu wake, kazi yake, jina la kijiji, na nani alikufundisha. Ukiandika «wimbo wa zamani» tu, umeandika nusu.

h) Umuulize mwenye miaka mingi kwanza. Mama yako utamuuliza hata Pasaka. Koko, hatujui.

Kwa kumaliza

Ninaomba kila chumba cha internati, na kila kikundi cha wanafunzi wa inje, kirudi mwezi wa Januari na wimbo mumoja muzima katika kaye. Wale ambao hawataweza kwenda kwao juu ya njia, waulize wenzao wa luga moja, ao mama wapishi wetu. Wao wanajua mengi kuliko tunavyofikiri, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Walimu nao hawakukatazwa kuleta zao.

Mikutano ya jioni itafunguliwa siku moja. Siku ile jumba litajaa, na kiitikio kitasikika mpaka kwenye bomba. Lakini mustari wa pili utatafuta wenye kuujua, na mimi sitakuwa hapa tena kuuanzisha. Ni ninyi wadogo.

Noeli njema kwa jamaa zenu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho